Paka Aliyekatwa Ncha ya Sikio: Alama Hiyo Ina Maana Gani?

Na Daktari Wetu, Isiolo

UKIPITA karibu na masoko, vichinjio na hoteli za miji yetu, huenda siku moja ukamwona paka ambaye sikio lake moja halina ncha. Sikio la pili limechongoka kama kawaida, lakini hilo moja limekatwa kwa mstari ulionyooka, kana kwamba limepitishwa mkasi.

Wengi humhurumia paka huyo wakidhani ameng'atwa na mbwa au ameumizwa na watoto watundu. Hapa Isiolo, ambako wafugaji hukata masikio ya mbuzi na kondoo ili kila mtu atambue mifugo yake, mtu anaweza pia kudhani kuwa hiyo ni alama ya mwenyewe.

Ukweli ni kwamba mkato huo hufanywa na daktari wa mifugo. Maana yake ni moja tu: paka huyu amekwisha kuhasiwa, kwa hivyo hakuna haja ya kumkamata tena na kumpasua.

Pengine utauliza, msomaji, daktari wa binadamu anatafuta nini katika masikio ya paka? Sababu ni kwamba paka ni mnyama wa ndani ya nyumba. Hulala mkekani na watoto, hupita jikoni, na akikasirika hukwaruza na kuuma. Alama ya sikioni ikieleweka vizuri, inamsaidia paka na majirani. Ikieleweka vibaya, yaani ikichukuliwa kuwa cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, inaweza kumgharimu mtu uhai.

KWA NINI PAKA ATIWE ALAMA?

Kuhasi paka dume ni kumtoa korodani. Paka jike hutolewa ovari, na aghalabu mji wa mimba pia. Katika makala haya nitatumia neno kuhasi kwa wote wawili.

Haja ya upasuaji huu inajulikana na kila aliyewahi kufuga paka jike. Paka anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano tu. Hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65 hivi, na anaweza kushika nyingine kabla hajamaliza kunyonyesha. Si ajabu basi nyumba iliyoanza na paka mmoja kujikuta na kumi kabla ya mwaka kwisha. Wengi wa watoto hao huishia kutupwa sokoni au penye jaa, wakakua bila mwenyewe na bila chanjo.

Shida ni kwamba paka jike aliyehasiwa na yule ambaye hajahasiwa hawatofautiani kwa macho. Manyoya yaliyonyolewa siku ya upasuaji huota tena baada ya wiki kadhaa. Kovu lenyewe hubaki kama uzi mwembamba tumboni au ubavuni, na huenda hata daktari mwenyewe asilipate kwa vidole. Zaidi ya hayo, kovu si ushahidi kamili. Paka anaweza kuwa alipasuliwa kwa sababu nyingine, kwa mfano ili atolewe watoto walioshindikana kuzaliwa.

Basi hebu mfikirie paka wa mtaani ambaye hana alama. Anakamatwa kwa mtego, anapigwa sindano ya nusukaputi, ananyolewa na kupasuliwa tumbo, ndipo daktari anapogundua kuwa hakuna mji wa mimba wala ovari. Paka ameteswa bure na kuhatarishwa maisha yake, kwa maana nusukaputi haikosi hatari zake. Dawa, uzi na saa nzima ya daktari vimepotea, na paka mwingine aliyehitaji huduma hiyo amekosa nafasi.

Kwa paka dume mambo ni rahisi kidogo, maana korodani huonekana chini ya mkia. Hata hivyo, kuna madume ambao korodani zao hazikushuka, zimebaki tumboni au kwenye kinena. Dume wa namna hiyo huonekana kama aliyehasiwa, lakini tabia zake ni za paka shume: hupigana usiku, hunyunyiza mkojo wenye harufu kali kwenye milango na huwaandama majike. Vile vile, dume aliyehasiwa akiwa mkubwa anaweza kubaki na mfuko mtupu unaomdanganya mtazamaji wa mbali.

Wapo wanaokisia kwa rangi. Ni kweli kwamba paka mwenye rangi tatu, yaani nyeupe, nyeusi na ya machungwa, karibu kila mara ni jike. Lakini rangi hukueleza jinsia tu. Haikuelezi kama paka huyo amehasiwa.

MKATO WA SIKIO UNAVYOFANYWA

Kwa paka wanaoishi nje, alama ambayo madaktari wa mifugo na vyama vya kutetea wanyama katika nchi nyingi wameikubali ni kukata ncha ya sikio moja. Kazi hii hufanywa paka akiwa bado amelala kwa nusukaputi ile ile ya upasuaji, kwa hivyo hasikii kisu. Sikio husafishwa, kisha hubanwa kwa koleo ndogo ya hospitali ili damu isitoke sana. Ncha hukatwa kwa mstari ulionyooka, na damu huzuiwa kabla paka hajaamka. Kwa paka mkubwa, kipande kinachotolewa ni kama sentimita moja hivi. Kwa paka mdogo kipande huwa kidogo zaidi, kwa sababu sikio litaendelea kukua.

Kwa nini ncha, wala si pengo pembeni mwa sikio? Kwa sababu paka hupigana, na masikio yao huraruka pembeni. Pengo la vita na pengo la daktari yaweza kufanana. Ncha iliyokatwa sawasawa ni vigumu kutokea kwa ajali. Tena huonekana kutoka mbali, hata paka akiwa juu ya ukuta, bila mtu kumgusa. Anayewatega paka wa mtaani akikuta ameingia mwenye sikio hilo, humfungulia mlango aende zake.

Ni sikio gani hukatwa? Desturi hutofautiana. Katika sehemu nyingi ni la kushoto. Nchini Japani hukata pengo dogo kwenye ncha, sikio likafanana na petali ya ua la mcheri. Aghalabu huko sikio la kulia huwa la dume na la kushoto la jike. Jambo kubwa ni kwamba kliniki za mji mmoja ziwe na desturi moja, na wakazi waijue.

Hapa Kenya, chama cha KSPCA jijini Nairobi huhasi mbwa na paka, na mjini Lamu kuna kliniki ya ustawi wa wanyama inayowahudumia paka wa vichochoro vya mji ule wa kale. Ukienda mahali kama hapo ukaona masikio yasiyo na ncha, usishangae wala usimlaumu mtu.

ALAMA NYINGINE

Si kila paka lazima akatwe sikio. Ikiwa paka wako hulala ndani na anajulikana kwa jirani zako, unaweza kumwomba daktari wa mifugo atumie njia nyingine. Kila moja ina faida na upungufu wake.

Chanjagaa ya wino. Daktari hutia mstari mfupi wa wino, aghalabu wa kijani, kwenye ngozi kando ya mshono tumboni. Hudumu maisha yote na haubadilishi sura ya paka. Upungufu wake ni kwamba huonekana tu paka akigeuzwa chali na manyoya kupanguswa. Kwa paka mkali wa mtaani, hilo ni gumu kabla hajalazwa kwa dawa. Hata hivyo humwokoa na kisu ikiwa amekwisha kulazwa.

Chipu. Hiki ni kidude chenye ukubwa wa punje ya mchele, kinachoingizwa kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega. Hakina betri, na wala hakionyeshi mahali paka alipo kama wengi wanavyodhani. Ndani yake mna namba tu, kwa kawaida yenye tarakimu 15, ambayo husomwa kwa mashine maalumu. Namba hiyo lazima iandikishwe pamoja na jina na simu ya mwenyewe, na pale pale waweza kuandika kwamba paka amehasiwa na lini. Bila uandikishaji, namba haina faida. Nchini Uingereza, kuanzia tarehe 10 Juni 2024, kila paka wa kufugwa katika eneo la England lazima awe na chipu kabla hajatimiza wiki 20. Na ikiwa una mpango wa kuhamia Ulaya na paka wako, fahamu kwamba Umoja wa Ulaya hutaka chipu itiwe kwanza ndipo chanjo ya kichaa cha mbwa ifuate. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi.

Mkanda wa shingoni. Ni rahisi na huonekana upesi, lakini hupotea, na mtu yeyote anaweza kuuvua. Ukiutumia, nunua ule unaofunguka wenyewe ukivutwa kwa nguvu. Kamba ya nailoni iliyofungwa kwa fundo inaweza kumnyonga paka akinasa kwenye mti au waya wa ua, au ikamkata shingo anapokua.

Hereni. Hereni za plastiki kama za ng'ombe hazimfai paka. Sikio lake ni jembamba mno. Hujikuna na kupigana mpaka hereni ikachomoka na kumwachia jeraha linalotunga usaha.

Kadi. Hii ndiyo alama ambayo wengi huipuuza. Mwombe daktari wa mifugo aandike tarehe ya upasuaji, jinsia na rangi ya paka, na chanjo alizopewa. Itunze pamoja na kadi za kliniki za watoto wako. Sikio haliwezi kusema tarehe, lakini kadi inaweza.

ALAMA SI CHETI CHA CHANJO

Hapa ndipo ninapokuomba usome polepole.

Mara kwa mara mzazi huja hospitalini na mtoto aliyekwaruzwa au kuumwa na paka siku mbili tatu zilizopita. Akiulizwa mbona amechelewa, hujibu kwamba paka ni wa hapo nyumbani, au kwamba ni yule aliyekatwa sikio, kwa hivyo alishadungwa sindano.

Ni kweli kwamba vyama vingi humchanja paka dhidi ya kichaa cha mbwa siku ile ile anapohasiwa. Lakini si vyote, na hata pale alipochanjwa, chanjo hiyo huisha nguvu na huhitaji kurudiwa, kwa kawaida kila mwaka. Mkato wa sikio haufutiki. Paka aliyehasiwa miaka mitano iliyopita ana sikio lile lile, ilhali kinga yake huenda imekwisha zamani. Na paka wa mtaani ni nani atakayemrudisha kuchanjwa kila mwaka?

Usichanganye pia mkato huu na alama za kampeni za chanjo. Katika kampeni, wanyama waliochanjwa hupakwa rangi au kufungwa utepe shingoni ili wasichanjwe mara mbili siku hiyo. Alama hizo ni za muda. Mkato wa sikio ni wa kudumu na unahusu upasuaji peke yake.

Kichaa cha mbwa, licha ya jina lake, si cha mbwa pekee. Mbwa ndio huwaambukiza binadamu katika visa 99 kwa kila 100 duniani, lakini paka, punda, ng'ombe na wanyama wa porini nao huugua. Paka mwenye kichaa huwa hatari mno, kwa sababu hurukia uso na mikono bila onyo. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa karibu na Nairobi, na hadi leo hukadiriwa kuwa huua watu wapatao 2,000 kila mwaka. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kuutokomeza kufikia mwaka 2030. Majirani zetu wa Laikipia wamekuwa na kampeni ya kuchanja mbwa na paka tangu 2015.

Dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla dalili hazijaanza, ugonjwa huu huzuilika kabisa. Basi kuchelewa kwa sababu ya sikio la paka ni kosa lisilo na sababu.

UKIUMWA AU KUKWARUZWA NA PAKA

Awe amekatwa sikio au hajakatwa, fanya hivi:

1. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tumia saa, kwa sababu dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Kisha paka dawa ya kuua viini ikiwa unayo.

2. Usitie pilipili, jivu, kahawa wala mafuta ya taa. Usifunge jeraha kwa kulikaza, na usikubali lishonwe kabla ya daktari kuliona.

3. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Daktari ndiye atakayeamua kama unahitaji chanjo. Sindano ya kwanza hutolewa siku unayofika, nyingine siku ya 3 na ya 7 baada ya hapo, na nyingine kati ya wiki ya pili na ya nne, kutegemea utaratibu unaotumiwa. Ngozi ikiwa imetoboka na kutoa damu, huenda ukahitaji pia dawa ya kingamwili inayodungwa kwenye jeraha lenyewe. Usiache katikati kwa sababu kidonda kimepona.

4. Kama paka anajulikana, afungiwe mahali salama na kutazamwa kwa siku 10. Asiuawe kwa hasira. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa akiambukiza alipokuuma, na daktari anaweza kukatiza sindano zilizobaki. Akiugua, akifa au akitoweka, toa habari mara moja hospitalini na kwa ofisi ya mifugo ya kaunti. Lakini usingoje siku hizo 10 ndipo uanze matibabu.

5. Beba kadi ya paka kama ipo. Hiyo ndiyo itakayomweleza daktari tarehe ya chanjo.

Zaidi ya kichaa cha mbwa, meno ya paka ni membamba kama sindano, nayo huingiza viini chini kabisa ya ngozi huku tundu la juu likijifunga upesi. Mkono ukivimba, kuwa mwekundu na kuuma ndani ya saa 24, hasa karibu na kiungo, hiyo ni dharura. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

USIMKATE MWENYEWE

Baada ya kusoma haya, asitokee mtu akachukua wembe kumkata paka wake sikio ili majirani wajue amehasiwa. Kukata kiungo cha mnyama bila dawa ya kuondoa maumivu ni ukatili, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimlindi mtu wa namna hiyo. Tena utaumwa, kisha urudi juu katika ile orodha ya mambo matano. Kuhasi na kukata sikio ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Uliza usajili wake bila haya, kama vile ambavyo ungeuliza wa daktari wa watoto wako.

Vile vile, asikatwe sikio paka ambaye hajahasiwa, hata kwa nia ya kumtambulisha kuwa ni wako. Alama ya uongo ni mbaya kuliko kukosa alama. Atapitwa na kila mtego, naye ataendelea kuzaa mwaka hadi mwaka huku kila mtu akidhani amekwisha kushughulikiwa.

MAMBO YA KUKUMBUKA NYUMBANI

Ukimpeleka paka wako kuhasiwa, mwulize daktari mapema atatumia alama gani, na usikilize sababu zake. Kama paka hutoka nje na kuchanganyika na wa mtaani, sikio ndilo bora. Kama ni wa ndani tu, wino na kadi vinatosha, na chipu kama una uwezo.

Paka dume akihasiwa, mtenge na majike kwa wiki nne hadi sita, kwa maana mbegu zilizobaki mwilini zinaweza kutia mimba kwa muda baada ya upasuaji. Alama anayo, lakini bado hajawa salama.

Jike mwenye alama akianza tena kulia usiku, kujisugua sakafuni na kunyanyua makalio mbele ya madume, mrudishe kwa daktari. Huenda kipande kidogo cha ovari kilibaki.

Ukiona mtaani paka mwenye sikio lililokatwa, anakula vizuri na hana kidonda, mwache. Kuna mtu aliyemgharamia. Ukimhamisha, nafasi yake huchukuliwa na mwingine ambaye hajahasiwa.

Na ukiwa na watoto, wafundishe maneno mawili kuhusu sikio hilo. La kwanza, paka huyu hazai. La pili, akikuuma, mwambie mama upesi.